Geuza Nje Ndani Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini mtu ahangaike kuchambua nguo za mitumba na za zamani ilhali mpya zimejaa madukani? Wengi watataja bei. Mimi nazipenda kwa sababu zimeshafuliwa.

Nguo mpya ni ya kubahatisha. Hujui kama itachuja, itasinyaa au itapinda mshono ikionja maji. Ya mtumba imeshajaribiwa na mwingine, aibu zake zote ziko wazi. Shati ambalo kola yake bado imesimama baada ya kufuliwa miaka na miaka halihitaji muuzaji wa kulisifia.

Utamu hasa uko upande wa ndani. Geuza gauni la zamani lililoshonwa vizuri: kando ya mshono fundi ameacha kitambaa cha kutosha, mwili ukinenepa lifumuliwe na kupanuliwa. Nguo nyingi za viwandani leo hukatwa hapo hadi unabaki ukingo mwembamba uliopigwa ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia kitambaa kisichanuke nyuzi. Hazina pa kupanukia.

Halafu kuna raha ya kukisia umri. Jinzi ya Levi's yenye kilebo chekundu kilichoandikwa LEVI'S, E ikiwa kubwa, huenda ni ya kabla ya 1971, mwaka E ilipoanza kuwa ndogo. Usishangilie mapema, maana kampuni yenyewe hutoa matoleo yanayoiga ya zamani na kuirudisha E kubwa. Marekani nako, kanuni ya kutaka nguo ziwe na lebo ya maelekezo ya kufulia ilianza kutumika 1972. Nguo ya huko isiyo na lebo hiyo inaweza kuwa kongwe, au basi tu mwenyewe aliikata ilipomwasha shingoni. Ukiona vijiuzi vilivyokatika penye mshono, jibu unalo.

Namba ya saizi mimi siisomi kabisa. Vipimo vimebadilika mno na kila kiwanda kina vyake, kwa hiyo natembea na futi ya kushonea. Kifungo kilichopotea hakinitishi, zipu mbovu hubadilishwa, kiuno hubanwa. Kwapa lililokakamaa kwa jasho la zamani naliacha, na lastiki iliyolegea naivumilia pale tu inapoweza kuchomolewa. Mabega ndiyo hayana mjadala. Kuyarekebisha ni karibu kushona nguo upya, na hapo fundi atakutoza kuliko ulivyoinunulia.