Julai haina jua: maswali yenu ya kazi za mikono

Wiki ya tatu sasa mlima umejifunika blanketi lake na sisi Moshi tumejifunika ya kwetu. Watoto wapo nyumbani, manyunyu hayakatiki, na ujumbe wenu umekuwa mwingi. Nimechagua mitano.

Shikamoo mama. Wapwa zangu wametoka Dar kuja kuona theluji, wiki nzima wanaona wingu tu. Niwatengenezee nini? – Shangazi, Rau

Marahaba. Kwanza waamshe saa kumi na mbili asubuhi, maana Kibo ana tabia ya kuchungulia kidogo kabla mawingu hayajakusanyika. Akigoma, watengenezee mlima wa kwenye chupa.

Tafuta chupa ya jemu yenye mfuniko usiovuja. Okota jiwe lenye umbo la mlima, lipake rangi nyeupe ya mafuta kileleni, kisha ulibandike upande wa ndani wa mfuniko kwa gundi isiyoachia kwenye maji. Liache likauke usiku kucha. Theluji ni maganda ya mayai, na hapa ndipo wengi wanapokosea: ule utando mwembamba wa ndani uutoe ganda likiwa bado bichi, vinginevyo baada ya siku chache chupa itanuka. Anika, funga kwenye kitambaa, ponda kwa mchi. Usisage hadi uwe unga, maji yatageuka maziwa. Unataka chenga kama za chumvi ya mawe. Jaza maji yaliyochemka yakapoa, ongeza vijiko vitatu vinne vya glisirini, hii hii tunayopaka miguuni, ili chenga zishuke polepole. Funga, pindua.

Wapwa wakibisha kwamba huku hakuna theluji, wasamehe. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848, na kuna wataalamu wa jiografia huko Ulaya waliombishia kwa miaka. Hata wao hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta.

Mwanangu anakata nyota za theluji kwa karatasi. Zake zina pembe nane, kaka yake anasema lazima ziwe sita. Nani yuko sahihi? – Baba wa wawili, Sakina

Kaka mtu. Maji yakiganda angani, molekuli zake hujipanga kwa umbo la pembe sita, na chembe ya theluji inakua ikifuata mpangilio huo. Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alifanikiwa kuipiga picha chembe moja kupitia hadubini mwaka 1885, akaendelea hadi picha zaidi ya 5,000. Nane inatokea kwa sababu mtoto anakunja nusu, nusu, na nusu tena.

Afanye hivi: karatasi ya mraba, aikunje kona kwa kona apate pembetatu. Ashike katikati ya upande mrefu, alete kona ya kulia juu, kisha ya kushoto iipite, hadi apate kitu kama koni ya karanga za kukaanga. Mikunjo mitatu ilingane. Halafu aikunje nusu mara moja zaidi. Sasa ana tabaka 12 mkononi, ndiyo maana karatasi ya kalenda haifai, ya daftari inatosha. Akate zile ncha zilizopishana juu, achonge vitundu pembeni bila kuacha mikato miwili ikutane. Zikining'inizwa dirishani kwa uzi zinapendeza kuliko ile pamba tunayobandika kwenye mti wa Krismasi, ambayo kusema kweli sijawahi kuipenda.

Nataka kujifunza kufuma kofia ila uzi wa sufu ni ghali. – Binti, Pasua

Nenda Kiboroloni kwenye mitumba, utafute sweta lililochoka lakini lisiloliwa na nondo. Usinunue kabla hujaligeuza nje ndani. Mshono wa ubavuni ukiwa umepigwa overloki, rudisha: limekatwa kama kitambaa, ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi, mstari baada ya mstari. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa peke yake kisha vikaunganishwa kwa uzi. Kata uzi wa kuunganishia, anzia juu shingoni, vuta. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, uutundike na chupa ya maji ikining'inia chini. Ukikauka umenyooka. Sweta moja la mtu mzima linatoa kofia kadhaa.

Sindano? Mafundi wa zamani walifumia spoku za baiskeli. Sugua ncha kwenye jiwe hadi zisichome.

Tumefinyanga mapambo ya unga na chumvi. Hayakauki. Naweza kuyaweka chumbani na jiko la mkaa usiku? – Mama wa watatu, Ngaramtoni

Hapana, mama. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko libaki nje au jikoni penye upepo, mapambo yakae pembeni yake mkiwa macho, mkiyageuza.

Huenda pia maji yalizidi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kidogo kidogo hadi donge lisishike vidole. Unene usizidi wa kidole kidogo. Yakikauka yapake vanishi, la sivyo chumvi itavuta unyevu wa Julai na yatalainika tena.

Mimi ni wa Marangu, naishi Toronto. Baridi iliyopita shule ilifungwa kwa theluji, watoto wakanimaliza. Nataka kujiandaa mapema. – Mama wa mapacha

Dada, wewe una friza ya bure nje ya mlango. Tengeneza taa za barafu kama wanavyofanya Ufini. Ndoo ya plastiki, katikati kopo lenye mawe ili lisielee, maji pembeni, na watoto watumbukize vipande vya machungwa na majani. Iache nje usiku. Asubuhi toa mawe, mimina maji ya vuguvugu ndani ya kopo, litachomoka. Ndoo nayo imwagie kwa nje. Weka mshumaa kwenye shimo, giza likiingia uwashe hapo hapo nje. Usitumie chombo cha kioo, maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na kitapasuka.

Niliijaribu kwenye friza yangu hapa Moshi. Umeme ulikatika saa nane usiku, na asubuhi mume wangu alikuta ndoo ya maji yenye machungwa katikati ya nyama, akaniuliza kama ni dawa.