Mwanangu, muulize alichoandika

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka hapa Majengo. Ujumbe wako niliupata Jumatatu, nami sikutaka kuujibu kwa simu. Ukizungumza sana leo, kesho na kesho kutwa huamki, na mimi nikianza maneno siachi. Barua utaisoma kidogo kidogo. Ukichoka, iweke chini ya mto.

Umeniuliza hivi: daktari amekupa barua uende kwa mwanasaikolojia. Je, ukienda, utakuwa umekubali kwamba uchovu huu uliokushika tangu ile Korona ni mawazo tu? Nimelifikiria swali lako. Lakini kila nikilishika, linanipeleka kwa mamako mdogo Zuhura na faili lake, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Kazi yangu ya masjala ya hospitali unaijua, vumbi lake mlilisikia kwenye nguo zangu mkiwa wadogo. Na neno langu moja mmelisikia hadi mkawa mnalimalizia wenyewe: aliyeandika faili siye aliyelala kitandani.

Zuhura alishikwa na homa mwezi wa Rajabu. Homa ikaisha, nguvu zisirudi. Ushonaji wake wa Gikomba ukafa hivyo hivyo. Akikalia cherehani asubuhi moja, siku hiyo yuko sawa, tunafurahi, tunasema amepona. Kesho yake, au kesho kutwa, hawezi kuinua kikombe cha chai. Hilo ndilo lililotuchanganya sote, kwamba mwili ulikuwa unadai deni kwa kuchelewa. Jirani akasema jini, akaleta dawa ya unga. Mwingine akasema uvivu. Wakwe watarajiwa wakangoja, wakangoja, na Idi ilipopita wakatuma wazee kuvunja uchumba. Nani ataoa mke wa kulala? Basi tarehe ziko wazi: homa ilitangulia, uchovu ukafuata, uchumba ukavunjika mwisho.

Nikampeleka kwa daktari pale pale kazini kwangu. Damu ikapimwa, kifua kikapigwa picha, hakuna kitu. Daktari akanigeukia mimi, si yeye, akauliza, "Huyu ameolewa?" Nikamwambia uchumba umevunjika juzi. Nikamwona uso umemchangamka, kalamu ikaanza kukimbia. Zuhura, ambaye kukaa wima kulikuwa kunamshinda lakini ulimi haujawahi kuugua, akamwuliza, "Na wewe daktari, umeoa? Mbona umechoka hivyo?" Babako akilikumbuka hilo mpaka leo hucheka hadi akohoe.

Mimi sikucheka. Faili lilishuka masjala mchana huo, na wa kulipokea alikuwa mimi. Limeandikwa kwamba mgonjwa alivunjika moyo kwa kuachwa na mchumba, ndipo uchovu ukamwingia. Amezipindua tarehe! Na karani haandiki juu ya mwandiko wa daktari. Nililiweka rafuni kwa mkono wangu huu. Waliomtibu baada ya hapo wote walisoma ukurasa ule kabla ya kumtazama yeye, na kila mmoja alimwuliza habari za yule mwanamume.

Sasa ile makala uliyonitumia, ya historia ya ugonjwa wa uchovu usioisha kama huu wako, ule wanaouita ME/CFS. Niliichapisha pale saiba nikaisoma kwa kalamu mkononi, na nilipofika London ya mwaka 1955 nikasimama. Hospitali ya Royal Free ilifungwa kwa muda baada ya wafanyakazi wake 292 kuugua, wengi wao wanawake, na wako ambao hawakurudi kuwa walivyokuwa. Mwaka 1970 wakaja madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, wakaandika kwamba ule haukuwa ugonjwa bali mhemko wa kundi zima. Moja ya hoja zao ni kwamba waliougua wengi ni wanawake. Walijuaje? Walisoma mafaili. Miaka 15 imepita, na hawakumwita mgonjwa hata mmoja kumchunguza. Nilisema lile neno langu kwa sauti hapa peke yangu, babako akadhani nimemwita.

Halafu ule utafiti mkubwa wa Uingereza, PACE, uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2011, wenye wagonjwa 641 wa uchovu huo. Fikra yake ilikuwa kwamba mwili umelegea kwa kutotumika na mgonjwa anaogopa kujisogeza, kwa hiyo arekebishwe mawazo na aongezewe mazoezi hatua kwa hatua. Udaktari siujui, lakini hesabu ya karani naijua. Walikuwa na kipimo cha uwezo wa mwili, kutoka 0 hadi 100. Ili uingizwe kama mgonjwa, ulitakiwa uwe na 65 au chini. Ili uhesabiwe umepona kwa kipimo hicho hicho, 60 ilitosha. Rudia kusoma. Mtu anaweza kuingia na 65, akatoka na 60, hali imezidi kuwa mbaya, na kwa kipimo hicho ameshavuka mstari wa kupona! Ningepanga mafaili hivyo ningefutwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Na walioliona ni nani? Wagonjwa, wengine wakiwa wamelala kama ulivyolala wewe. Wakaomba takwimu, Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, kilichokuwa nazo, kikakataa, hadi baraza la rufaa likaamuru mwaka 2016 zitolewe. Zilipohesabiwa upya kwa vigezo ambavyo watafiti wenyewe walikuwa wameviweka kabla ya kuanza, ule ushindi wa kuponya waliokuwa wameutangaza haukuonekana. Watafiti waliendelea kutetea matokeo yao. Lakini Oktoba 2021 NICE, taasisi inayowaandikia miongozo madaktari wa huko, iliyaondoa mazoezi yale ya kuongezwa kwa ratiba. Aliyeandika faili siye aliyelala kitandani, mwanangu.

Hapo ningeweka kalamu chini, ila mwongozo huo huo unanibana. Haukusema mazungumzo na mtaalamu ni upuuzi. Unasema yanaweza kutolewa kumsaidia mtu kuishi na ugonjwa, si kuuponya. Na Zuhura, nisimsingizie, alilia. Alilia usiku kwa ile harusi, na sisi ndugu tulikuwa tunajua kumnywesha uji tu. Angempata mtu wa nje wa kumsikiliza, ingemfaa? Babako anasema naam. Mimi mchana nasema hapana, wasimwongezee jina la uchizi. Usiku nasema pengine. Huzuni ilikuwepo, tena ya kweli, na mtu kuugua mwili hakumzuii kuwa na majonzi. Lakini kosa la yule daktari wa Zuhura lilikuwa kuitoa huzuni mwisho wa hadithi akaiweka mwanzo.

Kwa hiyo swali lako la kwenda au kutokwenda mimi naliona la pili. La kwanza ni hili: ile barua imeandikwa nini? Mwambie daktari akusomee sababu aliyoijaza. Kama anasema unapelekwa ili uache kuamini kwamba u mgonjwa, hiyo ni ile ile ya Zuhura yenye karatasi mpya. Kama anasema umepoteza kazi, marafiki wamepungua, umebeba mengi, na ugonjwa wenyewe bado unatibiwa na yeye, hiyo ni barua nyingine kabisa. Na umwombe aandike tarehe: Korona lini, uchovu lini, machozi lini. Kwa mpangilio huo. Akikataa kuandika, ziandike wewe, uende na nakala.

Zuhura anasema usiende kabisa. Yeye ana haki ya kusema, mimi najizuia. Nina neno langu tayari, tena liko hapa mdomoni, babako ameniapiza nisiliandike. Muulize daktari hilo kwanza, kisha nitumie ujumbe mfupi, usipige. Jibu lake likiwa la kuzungukazunguka, nitakwambia ninachofikiria.

Mamako