Mwanangu, jina la tovuti liwe lao

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Asasi inayowahifadhi wanawake waliokimbia ukatili majumbani imekuomba bei ya tovuti mpya ya kurasa tano. Tovuti wanayo, imechakaa, na barua pepe zao za kila siku zinapita kwenye jina hilohilo. Unauliza utoze kiasi gani na uanzie wapi. Bei nitaifikia. Anza na jina la tovuti, maana hapo ndipo kazi za namna hii zinapoharibikia.

Muulize mratibu wao: jina hili la .or.tz limesajiliwa kwa nani, na taarifa ya kulipia upya inaingia kwenye barua pepe ya nani? Mara nyingi jibu ni "yule kijana aliyetutengenezea". Kijana akihama au akiacha kutumia anwani ile, taarifa inafika mahali ambapo hakuna anayesoma, jina linaisha muda, na tovuti na barua pepe vinazimika siku moja. Majina ya .tz yana msimamizi wake wa kitaifa, ila mteja hununua kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa hiyo wa kumwendea ni msajili. Mwenye jina awe asasi yenyewe, kama ilivyoandikwa kwenye cheti chao. Anwani ya mawasiliano isiwe ya mfanyakazi mmoja, wala isiwe inayotumia jina hilohilo la tovuti. Likizimika, hata taarifa ya kuzimika haitawafikia. Wafungue Gmail ya ofisi, namba ya uthibitisho iende kwenye simu ya ofisi, na nywila ikae kwenye bahasha ndani ya kabati la mhasibu. Fedha za mradi zina mwisho, basi washauri walipie miaka miwili au mitatu fungu likiwapo. Wewe usilipie jina wala nafasi ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa pesa yako ukitegemea kurudishiwa. Walipe wao moja kwa moja.

Sasa bei. Usihesabu kurasa, hesabu saa zako. Kwa tovuti kama hii: vikao saa 4, kupanga kurasa na menyu 4, ubunifu 12, ujenzi 12, kunyoosha maandishi na picha 8, majaribio 3, mafunzo 3. Jumla saa 46. Ukijiwekea shilingi 20,000 kwa saa, ni 920,000. Unataka kuwapunguzia kwa sababu ya kazi wanayoifanya, nami naiunga mkono nia hiyo, lakini ankara ioneshe bei kamili 920,000, kisha mstari wa punguzo la asilimia 20, yaani 184,000, halafu 736,000 ya kulipwa. Ukiandika 736,000 peke yake, mwakani itachukuliwa kuwa ndiyo bei yako, na mfadhili wao hataona mchango wako popote. Bure usifanye. Kazi ya bure hukosa mtu wa kuisimamia upande wa pili, na maandishi hayaji.

Kwenye malipo, chukua nusu kabla ya kuanza, asilimia 30 ubunifu ukikubaliwa, na 20 siku ya makabidhiano. Fungu la mwisho liwe dogo kwa sababu ndilo linalokwama. Proforma, yaani ankara ya awali, iwe na TIN yako. Waulize mapema ni nyaraka gani mhasibu anazihitaji na watia saini wawili wa benki wanapatikana lini, maana mmoja akiwa safarini malipo yanasubiri arudi. Usishtuke pesa ikija pungufu: kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Kwa 736,000 watazuia 36,800 na wewe utapokea 699,200. Hizo 36,800 hazijapotea, zinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka, ila lazima uwe na hati ya zuio mkononi. Idai kila awamu, usingoje Desemba.

Kinachochelewesha tovuti nyingi za asasi ni maneno. Wewe unamaliza wiki ya tatu, ukurasa wa "Kuhusu Sisi" unaandikwa mwezi wa nne. Weka kwenye mkataba tarehe ya kupokea maandishi yote, na kwamba zikipita siku 14 kazi inasimama na ratiba inapangwa upya. Wape faili moja lenye vichwa na idadi ya maneno: lengo letu, maneno 60; tunavyosaidia, 150; namna ya kutupata, 40. Mtu akioneshwa kisanduku cha kujaza, anajaza. Na awepo mtu mmoja tu mwenye neno la mwisho, aandikwe kwa cheo chake. Bila hivyo mjumbe wa bodi ambaye hakuhudhuria kikao hata kimoja atataka rangi zote zibadilike siku mbili kabla ya kufungua. Marekebisho mara mbili yamo ndani ya bei. Ya tatu yanalipiwa kwa saa.

Picha nataka uzishike kwa uangalifu kuliko yote. Picha ya simu huweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 4. Kumi kati ya hizo ni MB 40, na mwanamke anayetafuta msaada kwa bando la siku atakuwa ameshafunga ukurasa. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kama WebP, aina nyepesi ya faili la picha, kwa ubora wa 75. Nyingi zitashuka chini ya KB 200. Lakini uzito si hatari kubwa. Simu nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, kwa latitudo na longitudo. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hutengeneza nakala ndogo za picha, na faili la asili linaweza kubaki kwenye seva likiwa na viwango hivyo. Kwa asasi hii, picha ya bustani iliyopigwa nyuma ya nyumba ya hifadhi inatosha kumleta mlangoni mtu anayekimbiwa. Futa taarifa hizo kabla ya kupandisha, kisha lifungue faili uangalie kama kweli zimeondoka. Chunguza pia kilichomo ndani ya picha: kibao cha duka, mnara, geti. Sura za walengwa na watoto usiweke bila ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana, lakini hata isingekuwapo ningekuomba hivyohivyo. Na weka juu ya kila ukurasa kitufe cha kuondoka haraka kinachompeleka msomaji kwenye tovuti ya hali ya hewa. Mwambie pia, kwa maneno machache, kwamba kitufe hakifuti historia ya kivinjari.

Kuhamia seva mpya ndiko kunakozima barua pepe. Ukibadili seva za majina, zile zinazotunza rekodi za jina la tovuti linaelekea wapi, pasipo kunakili rekodi zote, rekodi ya MX, inayoelekeza barua pepe, inapotea na barua zao zinakosa njia. Kabla ya kugusa chochote, nakili kila rekodi ya DNS, yaani rekodi hizo za jina, hasa MX na TXT. Siku moja kabla, shusha TTL, muda ambao rekodi ya zamani huendelea kukumbukwa mitandaoni, iwe sekunde 300. Siku yenyewe badili rekodi A tu, ile inayoelekeza tovuti, nyingine ziache. Fanya Jumanne au Jumatano asubuhi, kamwe si Ijumaa jioni, kisha utume barua ya majaribio kuingia na kutoka. Jaribu na fomu ya mawasiliano: isitume kwa njia ya seva yenyewe, itume kwa SMTP, njia ya kawaida ya kutumia barua pepe, ya akaunti yao halisi, la sivyo ujumbe wa mwenye shida utaangukia kwenye taka.

Themu (violezo vya mwonekano) za wizi usiziguse, nyingi hubeba msimbo unaowapeleka wageni kwenye kamari. Plagini, vile viongezi vya programu, zisizidi unazoweza kuzieleza moja moja. Nakala rudufu ikae nje ya seva, na uirejeshe mara moja mahali pa majaribio uone kama inafunguka.

Siku ya makabidhiano mratibu apate akaunti ya msimamizi, wafanyakazi wa kawaida wawe wahariri. Kaa kando, mwache afisa wao aweke habari moja na picha moja kwa mikono yake mwenyewe mpaka ionekane. Mwongozo uwe kurasa mbili za Kiswahili zenye picha za skrini.

Rasimu ya mkataba nitumie kabla hujaisaini, nitaisoma usiku huohuo.

Mama yako