Jirani wa chini amefunga geti la bustani: yaliyonikuta mimi London

Dada, umesema unakaa flati ya juu ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mtaa, hapo Uingereza, kipande chako cha bustani kiko nyuma ya cha jirani wa chini, na tangu mwezi uliopita ametia kufuli geti la pembeni. Anadai kijia ni chake kwa kuwa yeye amenunua na wewe umepanga. Haya yamenikuta mashariki mwa London, tukavutana karibu miaka miwili, kwa hiyo nitaandika marefu. Nivumilie.

Nyumba yetu ina flati nne, mbili chini, mbili juu. Bustani imekatwa kizamani: wa chini wana kipande kinachogusa nyumba, sisi wa juu tuna cha mwisho kule, na kukifikia lazima upite kijia cha zege chini ya dirisha la jiko la jirani. Nilipohamia palikuwa msitu wa miiba. Nikafyeka, nikabeba mbolea ya mifuko, nikapanda mchicha na maboga kwa ajili ya majani. Jirani wa mwanzo hakuwa na neno. Akauza, akaja mwingine, na huyu hakupenda watu wampitie dirishani na ndoo. Tuseme ukweli, hata mimi nisingependa. Alianza na mapipa ya taka njiani, ikafuata baiskeli, kisha kufuli.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda kumgongea mlango. Yeye "nimenunua", mimi "nimekaa hapa miaka 11", na hakuna kati yetu aliyekuwa ameona karatasi yoyote. Mume wangu akatoka na mkasi wa kukatia chuma, nikamshika mkono. Nashukuru hadi leo, maana ukishakata kufuli la mtu, polisi wataitiwa wewe, na kwenye faili la kaunsili suala la njia litageuka kuwa ugomvi wa majirani wawili wakorofi.

Kitu ambacho sikukielewa mapema: aliyenunua flati ya kaunsili hakununua uwanja wote. Chini ya ule utaratibu wa kuwauzia wapangaji, uliotokana na sheria ya 1980, flati huuzwa kwa mkataba wa miaka mingi, mara nyingi 125, na kaunsili hubaki mwenye ardhi. Kwa hiyo wewe na yeye mna bwana mmoja, na huyo bwana ndiye aliyeandika nani apite wapi. Huna haja ya kumshawishi jirani. Kaunsili ndiyo iliyokupa bustani, basi na ikupe njia ya kuifikia.

Karatasi ni mbili. Ya kwanza ni mkataba wako wa upangaji. Tazama kama unataja bustani, na kama hautaji, omba kwa maandishi waseme flati yako ina kipande kipi. Ya pili ni mkataba wa jirani, na huu huna haja ya kumwomba yeye. Masjala ya Ardhi humpa nakala mtu yeyote anayelipia. Ada hupanda, kwa hiyo angalia ya sasa kabla hujalipa. Ingia kwenye tovuti ya serikali yenyewe, maana kuna za madalali zinazofanana nayo na zinakutoza zaidi.

Agiza mkataba wenyewe, usiishie kwenye ile ramani ya Masjala yenye mstari mwekundu. Ramani za mijini huchorwa kwa kipimo cha 1:1250, yaani milimita moja kwenye karatasi ni mita moja na robo ardhini. Unene wa kalamu tu unakumeza tuta zima la mboga. Mpaka wake ni wa jumla, na sheria yenyewe inasema hivyo. Jibu letu lilikuwa ndani ya mkataba: kijia kimepakwa rangi ya kahawia, na kifungu kinasema wakazi wa flati za juu wana haki ya kupita nyakati zote. Mistari miwili tu. Yule jirani alikuwa amenunua flati bila kuisoma.

Kuna watakaokwambia kwamba ukipita miaka 20 njia inakuwa yako, lakini hiyo haimsaidii mpangaji kwenye ardhi ya mwenye nyumba wake mwenyewe. Na sheria ya 1992 ya kuingia kwa jirani ni ya matengenezo, tena kwa amri ya mahakama. Haihusu kupita kila siku na kapu la nguo.

Sasa sehemu ya aibu. Afisa wa kaunsili alikuja Februari, mvua ya rasharasha, tepu mkononi. Alipima kutoka kona ya ukuta hadi nguzo ya zege ya kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ndiyo alama pekee ya kwenye mchoro wa mkataba iliyokuwa bado imesimama. Kijia, sawa, cha wote. Akaendelea kupima kuanzia nguzoni, akasimama katikati ya tuta langu, akaandika kitu. "Hapa umeingia kwake," akasema. Mita moja na nusu. Jirani alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Nilirudisha tuta nyuma wikendi ileile, kabla ya barua. Jirani hakutoa kufuli hadi nilipopeleka kaunsili malalamiko rasmi. Andika neno hilo, malalamiko, la sivyo watakuhesabu kama mtu aliyepiga simu kuulizia. Wakishakiri kuyapokea wana siku 10 za kazi kujibu. Usiporidhika unapanda hatua ya pili, siku 20. Baada ya hapo unaweza kwenda kwa Housing Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko ya wapangaji, bure. Mimi niliishia hatua ya pili. Kaunsili ilimwandikia kwamba anavunja mkataba wake, kufuli likatoka, pakawekwa la namba ambalo wote tunalijua. Walitupa pia msuluhishi bila malipo, tukakubaliana nisipite na toroli kabla ya saa mbili asubuhi. Hatutembeleani, ila mapipa hayapo tena njiani.

Na kuhusu fensi, ipi ni ya nani: hakuna sheria kwamba ya kushoto ni yako na ya kulia ni yake, hayo ni maneno ya mtaani. Na usijenge yoyote kwa hasira, mpangaji anahitaji kibali cha kaunsili kwa maandishi.

Kesho, kabla hujapiga simu popote, piga picha ya hilo kufuli likiwa limefungwa, na nyingine ya kijia chote hadi kwenye bustani yako. Mimi sikupiga, na afisa wa kwanza aliponiuliza lilifungwa lini hasa, nilibaki kukadiria.