Kwa mnaoanza na galektini na sigleki: sikieni haya kabla hamjamaliza sahani nyingine

Wadogo zangu mlioingia maabara mwaka huu, na ninyi wengine kwingine mnaochunguza jinsi saratani inavyokwepa kinga kupitia galektini na sigleki, protini zinazoshika sukari za juu ya seli: nimezitazama grafu zenu kimya kimya mpaka uvumilivu umeniishia. Seli T, askari wa kinga, zimezimika, nyota tatu za takwimu zimepangwa juu ya nguzo, na slaidi imeandikwa "Galektini-3 ya saratani ya matiti yazima kinga". Nikiuliza kisima cha laktosi (kitundu cha sahani kilichowekewa sukari ya maziwa) kiko wapi, mnaanza kutazamana. Ningekuwa siwapendi ningewaacha mkayasikie kwa mtahini wa nje. Basi kaeni chini.

1. Laktosi kwanza, majigambo baadaye.

Galektini hushika beta-galaktosidi, yaani sukari zenye galaktosi iliyofungwa kwa kiungo cha beta, na laktosi ni beta-galaktosidi. Ukiiweka ya kutosha, galektini ya nje ya seli inaachia glaikani, yaani minyororo ya sukari, ilizoshika. Kisima cha jirani kiwekee sukrosi kwa kiwango kilekile, maana ukimwaga milimola 100 za sukari yoyote ile seli hulalamika kwa sababu ya osmosi tu. Kama athari yako imebaki vilevile penye laktosi, hujaonyesha kazi ya sukari. Umeonyesha kwamba ulimwaga kitu na seli zikachukia.

Sisemi hivi kwa ukali wa bure. Mbinu yenyewe ya uvimbe imekaa kwenye sukari. Galektini-3 ikizishika glaikani za vipokezi na kuvifunga pamoja, kipokezi cha seli T na msaidizi wake CD8 havisogeleani tena, na seli T inabaki imekaa mlangoni pa adui bila kufanya lolote. Mwaka 2008 kundi la Brussels lilichukua seli T kutoka kwenye uvimbe wa wagonjwa, likaziwekea N-asetilaktosamini, sukari ambayo galektini huipenda, na zikarudi kutoa intaferoni-gama, ishara ya kuita kinga, baada ya saa chache. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimeshikwa. Mwaka 2017 Brussels hiyohiyo ikaonyesha kwamba galektini-3 hunasa hata intaferoni-gama yenyewe, kwa kuwa nayo imebeba glaikani, ikakwama kwenye tishu kabla ya kuwaita wenzake. Matokeo yote mawili yaliaminika kwa sababu mtu alikuwa na chupa ya sukari ya kushindana. Nayo ni bei rahisi kuliko kingamwili yoyote mliyoagiza mwezi huu.

2. Tripsini inakula ushahidi. Ukibandua MCF-7, seli za saratani ya matiti za maabara, kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye mashine ya flo kupima protini za juu ya utando, unapima mabaki. Bandueni kwa EDTA, halafu mzioshe seli vizuri EDTA iishe: sialidesi ya Vibrio cholerae, kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki (sukari ya ncha ya glaikani), inataka kalsiamu, na EDTA huichukua yote.

3. Protini mliyoitengeneza kwenye E. coli si safi mpaka mpime.

Hapa nitakaa kidogo, maana naona mmeshaanza kuazimana mirija.

Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza galektini-3 yangu mwenyewe, nikaipitisha kwenye safu ya kusafishia, nikapata mstari mmoja mzuri kwenye jeli. Nilitaka kuonyesha kwamba ile inayomwagwa na uvimbe wa titi huwageuza makrofaji, seli mla za kinga, tabia. Nikawawekea, nikasubiri usiku, asubuhi nikafanya ELISA, kipimo cha rangi, ya TNF na IL-10, ishara ambazo makrofaji hutoa. Visima vikawa bluu kabla sijamaliza safu ya mwisho. Nikaweka asidi, vikawa njano kali kiasi kwamba mashine ilikataa kusoma vingine. Nikampigia mama simu. Mama akauliza kama maana yake ni kwamba sasa nitamaliza chuo.

Laktosi niliiweka, sitawadanganya. Haikupunguza kitu. Sasa sikieni jinsi akili ya mtu aliyeshapenda matokeo yake inavyofanya kazi: niliandika kwenye daftari kwamba huenda mshiko wa galektini-3 kwa makrofaji ni mkali mno, laktosi haiwezi kushindana nao. Nikachora hata mchoro wenye mishale. Msimamizi akaupenda. Tukatuma ikisiri ya mkutano, bango likachapishwa.

Fundi sanifu wetu, mzee mmoja asiyekuwa na maneno mengi, alipita nyuma yangu nikiwa namwonyesha mtu ile sahani. Akasema, "Umeichemsha?" Nikamwambia protini haichemshwi, itaharibika. Akasema, "Ndiyo." Akaenda zake kunywa chai.

Nikaichemsha ili nimwonyeshe. Ndani ya mrija protini ikawa nyeupe kama uji mwepesi, imekufa kabisa, haiwezi kushika sukari wala chochote. Nikawawekea makrofaji uji huo. Kesho yake visima vikawa bluu vilevile, na kwa haraka ileile.

Kilichokuwa kinawachokoza makrofaji ni endotoksini, LPS ya ganda la bakteria, ambayo haijali kuchemshwa kwako. Jeli ya protini haiionyeshi, kwa sababu si protini. Makrofaji wanaisikia hata ikiwa pikogramu chache kwa mililita. Ubaya zaidi, galektini-3 yenyewe hushika LPS, kwa hiyo zilipita kwenye safu zimeshikana mikono. Nikaweka polimiksini B, inayoifunga LPS, bluu ikatoweka kwenye visima vyote, vya protini nzima na vya uji. Nikapima kwa LAL, kile kipimo cha damu ya kaa-farasi, kikaitika hata pale nilipozimua mpaka nikaona haya kuendelea.

Ikisiri tuliiondoa. Bango lilibaki ndani ya mrija wake wa karatasi, sikumwonyesha mtu. Lakini hilo si ndilo lililoniuma. Dada mmoja aliyekuwa mwaka nyuma yangu alikuwa ameazima mirija kutoka kwenye bechi ileile. Alikuwa anakuza seli T za wachangia damu pamoja na monosaiti, anatafuta nini kinazizima, na alikuwa ameshajenga sura nzima ya tasnifu juu ya protini yangu. Nilimfuata kantini kumweleza. Aliniuliza swali moja tu, bechi namba ngapi. Nilipomtajia aliweka kijiko chini, akafungua daftari lake, akaanza kupiga mstari kurasa moja baada ya nyingine mbele yangu, bila kunitukana. Ningependa angenitukana. Tulifanya upya majaribio yake usiku na wikendi, mimi nikiwa mshika pipeti wake, na bado alichelewa kumaliza kwa sababu yangu.

Kwa hiyo: osheni protini kwa sabuni ya Triton X-114, pimeni LAL kila bechi, wekeni kisima cha protini iliyochemshwa na kisima cha polimiksini. Na mrija usiokuwa na namba ya bechi na matokeo ya LAL hautoki kwenye friza yangu, hata uje na barua ya mkuu wa idara.

4. Sialidesi haina upande.

Hili ndilo linalowachanganya hata wakubwa. Mmesoma kwamba seli za saratani ya matiti hujifunika asidi ya sialiki, kwamba sigleki za makrofaji na seli za NK (wauaji wa asili wa kinga) huishika, ITIM zao, sehemu za ndani za kuzima, zikaita vimeng'enya SHP-1 na SHP-2, na shambulio likapoa. Sawa. Mmesoma pia kwamba kundi la Carolyn Bertozzi, aliyepata Nobeli ya kemia 2022 kwa kazi nyingine, liliunganisha sialidesi na trastuzumabu, kingamwili inayoshika protini ya HER2 juu ya seli za saratani, likachapisha mwaka 2016 kwamba seli za NK ziliua vizuri zaidi seli zenye HER2. Na mwaka 2020 likaonyesha kwa panya kwamba faida ya silaha ya aina hiyo inategemea Sigleki-E, sigleki ya panya. Vizuri. Basi mnachukua sialidesi, mnaimwaga kwenye mchanganyiko wenye seli za uvimbe na seli T pamoja, mnasubiri kinga ishangilie. Haishangilii. Mnakuja kwangu mmenuna.

Jiulizeni asidi ya sialiki ilikuwa imekaa juu ya nini. Mara nyingi juu ya galaktosi. Ukiikata, galaktosi imebaki wazi, na galektini-1 ilikuwa inangoja hapohapo. Kundi la Gabriel Rabinovich la Buenos Aires lilionyesha mwaka 2007 kwamba seli T za aina ya Th1 na Th17 huuawa na galektini-1 huku Th2 zikipona, kwa sababu Th2 zimevaa asidi ya sialiki ya kiungo cha alfa 2,6 inayoifungia nje. Ninyi mkizivua seli T zenu vazi hilo, mmeondoa breki ya sigleki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mmemkabidhi galektini-1 askari wenu. Na seli za 4T1, za saratani ya matiti ya panya, humwaga galektini-1 kwa wingi; watafiti walipoizima humo, mwaka 2013, metastasisi zilipungua na seli T dhibiti, zinazotuliza kinga, zikapungua nazo. Basi msishangae.

Dawa yake ni ndogo: tibuni seli za uvimbe peke yake, osheni, ndipo mchanganye na seli za kinga. Thibitisheni kwa lektini, protini za mimea zinazotambua sukari, kabla na baada, SNA kwa alfa 2,6 na MAL-II kwa alfa 2,3. Na kisima kimoja kiwe na sialidesi pamoja na laktosi. Ndiyo, laktosi tena, mtanizoea.

5. Sigleki-Fc (sigleki iliyounganishwa na mkia wa Fc wa kingamwili) pekee hushika kilegevu. Iunganisheni kwanza na kingamwili ya pili dhidi ya Fc ndipo mziwekee seli. Kama seli zenyewe ni makrofaji, zuieni vipokezi vya Fc kwanza, la sivyo mtapaka rangi kila kitu na kuniambia ni "mwitikio mpana".

6. Serumu ya ndama imejaa glaikoprotini. Zitashika galektini yako kabla haijafika kwenye seli, halafu utasema galektini haifanyi kazi.

7. Saratani ya matiti si seli moja. MCF-7 ina CD24, protini ya juu ya utando, nyingi, na ndizo walizotumia Stanford mwaka 2019 kuonyesha kwamba CD24 huambia makrofaji "usile" kupitia Sigleki-10. Walipoifuta CD24, makrofaji wakala zaidi. MDA-MB-231, seli nyingine za saratani ya matiti, ina CD24 kidogo sana. Juzi mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, amezuia CD24 kwenye MDA-MB-231, hakuona kitu, akaandika kwamba matokeo ya Stanford "hayarudiki". Alitaka tuwaandikie wahariri. Nikamwambia atie rangi ya CD24 kwanza. Alipotia, alirudi akiniamkia shikamoo mara mbili. Na MUC1, protini ya utando iliyojaa glaikani, msiisahau: yenye glaikani fupi zilizofunikwa asidi ya sialiki hushikwa na Sigleki-9 na kugeuza monosaiti kuwa wasaidizi wa uvimbe. London walilionyesha hilo mwaka 2016. Angalieni seli yenu inabeba nini kabla ya kuchagua sigleki ya kulaumu.

8. Panya hana Sigleki-10. Ana Sigleki-G, na pale mnapotafuta Sigleki-9 mtakutana na Sigleki-E. Kuna kingamwili dhidi ya Sigleki-10 ya binadamu imekaa kwenye oda ya majaribio ya 4T1, inasubiri saini yangu tangu Jumatatu. Ifuteni. Pelekeni oda mpya, na jina la panya liwe limeandikwa kwenye mstari wa kwanza.