Mjozi wenye gome hausafiri, hata ukikauka

Mkuu, usikodi hilo trela. Umeandika kwamba mjozi wako mweusi (black walnut) hapo Colorado, Marekani, umekauka matawi ya juu, gome limejaa vitundu kama vya sindano, na jirani kakwambia ni ugonjwa wa vidonda elfu. Mpango wako ni kuukata, kuyaacha magogo yakauke kivulini msimu mmoja, kisha umpelekee shemeji yako Missouri apasue mbao za meza. Ukauliza pia kama kuna dawa. Nianze na magogo, maana hapo ndipo unapoelekea kuharibu vya watu.

Huyo aliyekuambia "gogo likikauka mdudu anakufa" kakupotosha, na wengi wamepotoshwa na kauli hiyohiyo. Wanaoisema ni watu wanaouza au kununua mbao, wanajua kukausha mbao kwa ajili ya kuzuia nyufa na kupinda, basi wanadhani kukauka ni dawa ya kila kitu. Wanasema kwa uhakika kabisa, na hawapo mijozi inapoanza kufa jimbo la pili.

Mdudu mwenyewe ni mbawakawa mdogo sana, Pityophthorus juglandis, urefu wa milimita 1.5 hadi 2, kahawia iliyoingia wekundu. Kwao ni Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Meksiko, ambako anaishi kwenye mjozi wa huko, Juglans major, na mti ule unamvumilia. Mwilini hubeba chembe za kuvu iitwayo Geosmithia morbida. Kila anapotoboa gome, kuvu inaingia na kuoza panaanza kuzunguka njia yake. Kuvu hii haitembei ndani ya utomvu kwenda mti mzima. Inabaki palepale ilipopandwa. Kidonda kimoja si kitu. Lakini mjozi mweusi, Juglans nigra, mti wa mashariki uliopandwa magharibi na walowezi, hauna kinga, na juu yake mbawakawa haishii kwenye vijitawi, anashuka hadi matawi makubwa na shina. Vidonda vinaongezeka hadi vinaungana, gome la ndani linalopitisha chakula kutoka kwenye majani linakatika, na mti unakufa njaa. Ukiona majani ya juu yanageuka manjano ujue kazi ilianza zamani. Kutoka hapo mara nyingi haizidi miaka mitatu.

Sasa gogo. Mbawakawa na mabuu yake wanaishi kwenye gome la ndani, kati ya gome gumu na mti wenyewe. Gogo nene lililoachiwa gome lake linatunza unyevu sehemu hiyohiyo kwa muda mrefu sana, ndiyo maana wadudu wanaendelea kutoka kwenye magogo yaliyokatwa zaidi ya mwaka uliopita, na tahadhari inayotolewa kwa kawaida ni kuhesabu miaka miwili hadi mitatu. Msimu wako mmoja kivulini haufiki popote. Tena kivuli ndicho kinachowafaa.

Na kuna jambo ambalo hao washauri hawalitaji kabisa: rundo la magogo halikai tu likipungua wadudu, wadudu wake wanaweza hata kuongezeka. Dume ndiye anayetangulia kutoboa, kisha anatoa harufu inayowaita wenzake, dume kwa jike. Magogo ya mjozi yaliyolala nje kuanzia masika hadi vuli yanapokea wageni wapya wakati wote wa joto. Kutoka yai hadi mbawakawa kamili ni wiki saba hivi, kwa hiyo mwaka mmoja unazaa zaidi ya kizazi kimoja. Hata gogo lililotoka kwenye mti usio na ugonjwa, likilazwa jirani na huo unaokufa, lihesabu kuwa chafu.

Mdudu wa milimita mbili havuki nyanda zote za katikati ya Marekani kwa mbawa zake. Ugonjwa ulikuwa wa magharibi. Ned Tisserat na Whitney Cranshaw wa Chuo Kikuu cha Colorado State ndio walioueleza na kuupa jina. Julai 2010 ukaonekana Knoxville, Tennessee, mara ya kwanza ndani ya eneo la asili la mjozi mweusi. Mwaka 2011 Virginia na Pennsylvania. Mwaka 2013 Italia, mkoa wa Veneto. Bahari nzima imevukwa! Mbao na kuni zenye gome ndizo zinazotiliwa shaka kuliko kitu kingine. Na wewe unataka kupeleka Missouri, jimbo linaloongoza kwa kuvuna jozi nyeusi, zao ambalo karibu lote huokotwa chini ya miti ya porini na mashambani. Mwaka 2010 Missouri iliweka karantini dhidi ya mbao za mjozi kutoka majimbo yenye ugonjwa, na Colorado ilikuwamo. Kwa hiyo hata kisheria huenda usifike salama.

Kanuni ni moja: gome halitoki kiwanjani. Shemeji akitaka mbao, azipate zikiwa zimechongwa kingo zote nne, hakuna gome hata ukanda mwembamba kwenye kona, kisha zimekaushwa tanurini. Hapa ndipo watu wa meza za kisasa wanapokosea, wale wanaopenda ubao mpana ulioachiwa ukingo wake wa asili na gome lake. Ukingo huo ndio nyumba ya mdudu. Kama lazima ukingo wa asili ubaki, bandua gome lote hadi uone mti mweupe, laini, bila utando wa kahawia uliobaki kwenye mabonde, halafu utie joto.

Kuhusu joto, usikubali mtu akuambie tu "imepita tanurini". Majaribio kwenye magogo madogo ya mjozi yenye ugonjwa yaliwaua mbawakawa na kuvu pia kwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 40, zikipimwa ndani ya mti mweupe wa nje, si kwenye hewa ya tanuri. Tofauti hiyo ni kubwa. Toboa tundu jembamba kwenye kipande kinene kuliko vyote, chomeka kipimajoto, ziba mdomo wa tundu ili hewa ya moto isikudanganye, na kipande hicho kiweke kwenye kona yenye baridi kuliko zote. Saa inaanza kuhesabiwa kipimajoto kile kikifika 56, si mlango ukifungwa. Matanuri yanayokausha kwa kunyonya unyevu mara nyingi huendeshwa kwa joto la chini zaidi ya hapo. Mbao itakauka vizuri na bado hujaua kitu. Kuvu hii yenyewe inapenda joto, hustawi kwenye nyuzi 30 hivi, kwa hiyo uvuguvugu unaisaidia.

Kabla ya hayo yote, hakikisha ni ugonjwa huo. Jirani kuona vitundu haitoshi. Chukua tawi linalougua lakini halijakauka kabisa, unene wa sentimita 3 hadi 10, na kisu kikali. Paruza gome la nje kidogokidogo, tabaka kwa tabaka, bila kukimbilia kwenye mti. Wengi wanabandua gome lote kwa mkupuo, wanaona mti msafi, wanasema hakuna tatizo. Vidonda vichanga vimo ndani ya gome na havijafika kwenye mti. Unatafuta doa jeusi au kahawia nzito, la mviringo wa yai, likizunguka kijitundu au kijia. Angalia papo hapo, maana gome la ndani la mjozi usio na ugonjwa nalo hugeuka kahawia upesi likipigwa na hewa, na dakika chache baadaye kila kitu kinafanana. Sampuli vipande vifupi, mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, na upige simu kwa maafisa ugani wa Colorado State kabla ya kupeleka. Usitume kwa posta nje ya jimbo.

Dawa: hapana. Wanaopita na sindano za kuchoma shina wanauza matumaini. Dawa inapitia njia ambazo vidonda vimeshazikata, mashambulizi yanakuja miezi yote ya joto, na kila kidonda ni maambukizi yake peke yake, hakuna dawa ya kuvu itakayovifuata kimoja kimoja. Juu ya hayo, mti unazaa kitu kinacholiwa. Kupogoa matawi makavu nako hakuokoi mti, maana mbawakawa wameshafika shinani, na ndiko wengi wanakopitishia majira ya baridi.

Kata wakati wa baridi, wasiporuka, na umalize kazi ya gome kabla masika hayajaanza kupata joto. Matawi na gome choma hapo hapo kama kaunti inaruhusu, au zika. Mashine ya kusaga inaua wengi, haiui wote, hivyo chenga hizo zisigawiwe majirani kwa bustani. Kuni usimpe mtu, hata anayesema anaziwasha wiki hii. Fagia bodi ya pikapu, toa vipande vya gome vilivyonasa kwenye msumeno. Na kisiki kinachobaki ardhini nacho kibanduliwe gome hadi usawa wa udongo, watu hukisahau.