Kutu ya Pwani haitoki kwa brashi peke yake

Chukua bawaba ya mlango wa Mji wa Kale, iparure kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ipake mafuta, uiweke rafuni. Kusi ikianza kuvuma na mvua zake, utakuta vitone vya rangi ya chai vimechipuka juu ya chuma ulichodhani umekimaliza. Ni chumvi ya bahari hiyo. Imejibanza ndani ya vishimo, chini ya kutu, na huvuta unyevu wa hewa hata siku kavu. Ukianza kazi hii Mombasa, lijue hili kabla hujashika msasa: kutoa kutu ni nusu tu, kutoa chumvi ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza pitisha sumaku. Ikishika kwa nguvu, kuna chuma ndani. Ikishika kwa unyonge, kitu chote kimeshageuka kutu na ukikitia kwenye dawa kitabaki vipande. Kisha vua mti, shaba ya njano na alumini, maana magadi hula alumini. Osha grisi kwa sabuni na maji moto. Penye mafuta maji hayafiki, na pasipofika maji kutu itabaki.

Vitu vidogo kama skrubu na funguo vinatosha kwa chumvi ya ndimu (asidi ya sitriki, si chumvi ya kawaida), gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Kila nusu saa vitoe, sugua, rudisha. Usivilaze humo usiku kucha, kwa sababu asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima, na utavikuta vya kijivu, vimekwaruka kama gamba la papa. Mwisho vitie kwenye maji yenye magadi kidogo kuua asidi iliyobaki. Asidi ya kusafishia choo usiiguse kabisa. Inatoa kutu haraka, kweli, lakini kwa kawaida ina kloridi, ile sehemu ya chumvi ya bahari inayochochea kutu, yaani unaingiza ndani ya chuma adui uleule uliyekuwa unamfukuza.

Kwa bawaba, makomeo, jiliwa na nanga ndogo, njia tunayoiamini ni umeme. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji safi, na vijiko vikubwa 5 vya magadi meupe ya kufulia. Magadi ya mawe yanayouzwa sokoni kwa kupikia yana chumvi ya kawaida ndani yake, hayafai hapa. Chukua chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani. Nyingi za kisasa hazitoi umeme zisipohisi betri. Waya hasi, mweusi, unakwenda kwenye kitu unachokisafisha. Waya chanya, mwekundu, kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Ukigeuza, bawaba ndiyo italiwa. Kabla ya kubana klipu, paruza sehemu moja mpaka uone chuma cheupe, la sivyo umeme hautapita.

Umeme huu hufanya kazi upande unaotazamana na chuma cha kutupa tu, kwa hiyo weka vipande viwili, kimoja kila upande, vyote kwenye waya chanya, visigusane na kitu chako. Chuma kisichoshika kutu (stainless steel) kisitumike kama cha kutupa, kwani hutoa kromiamu yenye sumu majini. Kazi ikienda sawa, utaona viputo vyembamba vikipanda kutoka kwenye bawaba yote. Maji yakipata moto, umeme ni mwingi mno. Sogeza vipande mbali. Acha saa 6 mpaka 24, ukitoa na kusugua katikati. Viputo hivyo ni haidrojeni, inayolipuka: fanyia kazi uani, mbali na jiko la makaa na sigara, na zima kwenye soketi kabla ya kugusa klipu. Springi za kitasa zisiingie ndoo hii wala asidi. Haidrojeni hupenya chuma kigumu kikawa chepesi kuvunjika. Zisafishe kwa mafuta na pamba ya chuma.

Sasa chumvi. Sugua ule weusi uliobaki, kisha loweka kitu katika maji ya mvua yenye magadi meupe kidogo, ukibadilisha kila siku. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, yatakurudisha nyuma. Kupima, chota maji ya kulowekea kwenye glasi, tone kwa tone tia asidi ya nitriki iliyozimuliwa mpaka povu likome, ndipo utie tone la nitrati ya fedha. Ukiruka asidi, magadi yenyewe yatatoa weupe na utadanganyika. Maji yakifanya wingu kama tui jepesi, chumvi ingali ikitoka. Endelea. Vaa glavu, dawa hii huacha doa jeusi kwenye ngozi.

Chuma kilichokaa chini ya bahari ni jambo jingine. Mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama 1697 mbele ya Fort Jesus, yalichimbuliwa kuanzia 1977, na chuma cha namna hiyo hudai miezi au miaka ya kulowekwa. Ukiokota kitu kama hicho, kiweke ndani ya maji, kisikauke kikapasuka, na utoe taarifa kwenye makumbusho ya Fort Jesus.

Na gobori? Silaha ya moto haiguswi bila cheti cha kisheria, hata ikiwa imekufa kwa kutu. Yenye cheti, hakikisha kwanza mtutu hauna baruti wala risasi. Magobori ya kale hukutwa yameshindiliwa. Asidi huvua rangi yake nyeusi, basi tumia mafuta na pamba ya chuma laini kabisa.

Kukausha hakungoji. Hewa yetu hurudisha kutu ya manjano ndani ya dakika chache, kwa hiyo chovya kitu kwenye maji safi yanayochemka, kitoe, joto lake litakikausha lenyewe. Kikiwa bado cha moto, paka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, ukitumia glavu, maana jasho la kiganja nalo ni chumvi. Mafuta ya nazi yanachacha, yaache jikoni. Baada ya wiki mbili kitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona kitone kimoja cha rangi ya chai, toa nta, kirudishe kwenye maji ya kulowekea.